Saira Blair: kura 872 na kiti ambacho si mali ya mtu

Kura 872. Ndizo alizozipata msichana wa miaka 17 tarehe 13 Mei 2014, katika pembe ya mashariki ya jimbo la West Virginia, huko Marekani. Mzee aliyeshindana naye, Larry Kump, mwenye miaka 66 na aliyekuwa bungeni kwa mihula miwili, alipata 728. Tofauti ni kura 144. Ukizijumlisha kura zote za wawili hao, hazifiki hata hesabu ya watu wanaopanga foleni siku moja ya kugawa chakula katika kambi kubwa ya wahami. Lakini kura hizo chache zilitosha kumtoa mzee kitini na kumfungulia mlango mtoto wa shule.

Msichana huyo anaitwa Saira Blair. Wote wawili, yeye na mzee Kump, walikuwa wa chama kimoja, Republican, chama cha wahafidhina. Huo haukuwa uchaguzi mkuu. Ulikuwa uchaguzi wa ndani ya chama, ambamo wapiga kura wenyewe, wala si kiongozi wa chama, wanaamua nani atabeba bendera yao. Sheria ya West Virginia inamruhusu kijana wa miaka 17 kupiga kura katika uchaguzi huo ikiwa atatimiza 18 kabla ya uchaguzi mkuu. Saira alitimiza 18 mwezi wa Julai. Mwezi wa Novemba akachaguliwa, na magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba Marekani imepata mbunge wa jimbo aliye mdogo kuliko wote.

Msikilizaji wa Goma, Bunia au Uvira ana haki ya kuuliza: hayo yanatuhusu nini? Yanahusu, maana habari ilivyotangazwa wakati ule ilibeba umri tu. Mtoto ameshinda, basi vijana nao waamke. Umri ndio sehemu ndogo kabisa ya habari hii. Kubwa ni namna kiti kile kilivyotoka mkono mmoja kwenda mwingine katika miaka iliyofuata, bila mtu yeyote, hata baba yake mwenye madaraka, kuweza kukifanya mali ya nyumba yake.

Kwanza tuelewe kiti chenyewe. Marekani ina majimbo 50, na karibu kila jimbo lina bunge la vyumba viwili, mbali na lile bunge kubwa la Washington. West Virginia ni jimbo la milima na makaa ya mawe. Lilizaliwa mwaka 1863 katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, lilipojitenga na Virginia. Lina watu wapatao milioni 1.8. Makao yake makuu ni mji wa Charleston. Baraza la chini la bunge lake lina viti 100, seneti ina viti 34. Mbunge wa baraza la chini anachaguliwa kwa miaka miwili tu. Kikao cha kawaida ni cha siku 60 kwa mwaka, na wakati ule mshahara ulikuwa dola 20,000 kwa mwaka. Kwa Marekani hizo si pesa za kujenga ghorofa. Wengi wa wabunge hao wana kazi nyingine: wakili, mkulima, mwenye duka. Saira alikuwa mwanafunzi.

Ukigawanya watu wa jimbo kwa viti 100, mbunge mmoja anasimamia watu kama 18,000. Eneo la Saira, namba 59, lilichukua sehemu ya wilaya za Berkeley na Morgan. Katika eneo la ukubwa huo mtu anaweza kweli kubisha hodi mlango kwa mlango. Ndivyo alivyofanya, pamoja na kuwaandikia wapiga kura barua kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna msafara wa magari yenye vioo vyeusi, hakuna fulana elfu kumi, hakuna ng'ombe wa kuchinjwa. Kampeni ya Novemba aliiongoza akiwa tayari anaishi katika chumba cha wanafunzi, kwenye chuo kikuu cha West Virginia, ambako alianza kusoma uchumi na Kihispania.

Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wake wengi walilipita haraka. Saira Blair hakutoka kusikojulikana. Baba yake, Craig Blair, alikuwa seneta katika bunge hilohilo la West Virginia, na kabla ya hapo alikuwa mbunge wa baraza la chini. Msichana alikua akiona kampeni nyumbani kama watoto wengine wanavyoona biashara ya mama yao sokoni. Jina la Blair kwenye karatasi ya kura halikuwa geni machoni mwa watu. Kusema kwamba alishinda kwa bidii yake peke yake ni kuwadanganya vijana wasio na baba seneta, nao ndio walio wengi.

Lakini tofauti ipo, na ni kubwa. Jina la baba lilimfikisha mlangoni. Kuingia ndani kulihitaji kura 872 za watu ambao wangeweza kumwambia hapana. Hapa Congo kila mgombea ubunge anaandikisha suppléants wawili, na depite akiteuliwa kuwa waziri, suppléant wa kwanza anaketi mahali pake. Kila mtu anayefuatilia siasa za hapa anajua majina ya suppléants hao yanatoka wapi mara nyingi: mke, mtoto, mdogo, shemeji. Mtoto huyo naye anaingia bungeni, pengine akiwa kijana kweli, na siku hiyo watu watashangilia kwamba vijana wamepata nafasi. Hakuna aliyemwona akibisha hodi. Hakuna mzee Kump aliyepambana naye. Mpiga kura alimchagua baba na akaletewa mtoto.

Sasa tuje kwenye siasa yake, maana neno hili mhafidhina linatafsiriwa ovyo. Saira alijitangaza mtu wa kodi ndogo, wa haki ya raia kumiliki silaha, na mpinzani wa utoaji mimba. Msikilizaji anayekwenda kanisani au msikitini kila juma atakubaliana naye katika hilo la mwisho, halafu ataruka akisikia hilo la silaha, maana hapa mtu akisikia bunduki mkononi mwa raia hawazi uhuru, anawaza usiku aliokimbia nyumba yake. Ni haki yake kuruka. Milima ya West Virginia ina bunduki za kuwinda paa katika nyumba nyingi, na wenye bunduki hizo hupiga kura. Kila nchi ina historia yake na chuma.

Tarehe 4 Novemba 2014 alishinda kwa asilimia 63. Mpinzani wake wa chama cha Democrat, Layne Diehl, wakili wa miaka 44, alipata kama asilimia 30, na zilizobaki zikaenda kwa mgombea wa chama kidogo. Kwa haki, ushindi huu nao upunguzwe kidogo. Mwaka ule upepo wote ulikuwa wa Republican. Chama cha Democrat kilikuwa kimeshika baraza la chini la West Virginia tangu 1931, miaka 83, na usiku uleule wa Novemba kikapoteza: Republican 64, Democrat 36. Katika seneti walitoka sare, 17 kwa 17, kisha seneta mmoja wa Democrat akahama chama na sare ikavunjika. Hata Marekani watu wanavuka sakafu, msikilizaji, si hapa tu. Watu wa makaa ya mawe walikuwa na hasira na Rais Obama na sheria zake za mazingira, na hasira hiyo ilimbeba kila aliyevaa rangi nyekundu, kijana au mzee.

Kwa hiyo vita yake ya kweli ilikuwa ile ya Mei, ambamo upepo haukumsaidia mtu yeyote kwa sababu wote wawili walikuwa chini ya upepo mmoja.

Aliapishwa na kuanza kazi Januari 2015. Utaratibu wake ulikuwa huu: mwanzo wa mwaka, bunge linapoketi, anaacha masomo na kwenda Charleston, kisha anarudi darasani. Bunge alimoketi halikuwa la mchezo. Mwaka 2015 lilipitisha sheria ya kukataza utoaji mimba baada ya wiki 20. Gavana Earl Ray Tomblin, wa Democrat, aliikataa, na bunge likaipitisha tena juu ya kichwa chake. Mwezi wa Februari 2016 likafanya hivyohivyo kwa sheria ya sendika, inayokataza mfanyakazi kulazimishwa kulipa mchango wa sendika kama sharti la kuwa na kazi. West Virginia ikawa jimbo la 26 kuwa na sheria ya aina hiyo. Katika jimbo hilo wingi wa kawaida wa kura unatosha kuivunja pingamizi ya gavana kwa sheria kama hizo, hivyo chama chenye wingi hakihitaji kumbembeleza mtu.

Sheria hiyo ya sendika inastahili kusimamiwa kidogo. West Virginia si mahali popote katika habari za wafanyakazi. Mwaka 1921 maelfu ya wachimba makaa walishika silaha wakapigana na walinzi wa makampuni kwenye mlima uitwao Blair, katika wilaya ya Logan, wakidai haki ya kuwa na sendika. (Jina la mlima limefanana na la familia hii, hadithi ni nyingine.) Mchimbaji yeyote wa Rubaya au wa Kamituga angeielewa vita ile bila kuelezwa mara mbili: shimo ni la mwingine, mizani ni ya mwingine, na nyumba unayolala ni ya mwenye shimo. Miaka 95 baadaye, bunge la jimbo hilohilo likapunguza nguvu za sendika, na ndani yake ameketi mtu wa miaka 19 ambaye maisha yake yote yamepita shuleni.

Je, hiyo ni sawa? Wapinzani wa vijana husema kwamba mtu ambaye hajawahi kupokea mshahara wa mwezi asipewe kupima mishahara ya wengine. Hoja hiyo ina uzito, na si busara kuitupa kwa sababu tu inasemwa na wazee. Mwaka wa mwisho wa Saira bungeni, walimu wa West Virginia waligoma kuanzia tarehe 22 Februari 2018. Shule za wilaya zote 55 zilifungwa, na mgomo haukwisha mpaka Machi, bunge lilipokubali nyongeza ya asilimia 5. Walimu walijaza jengo la bunge, wakaimba mpaka kuta zikaitika. Miaka minne tu nyuma yake, Saira alikuwa bado anakaa mbele ya walimu wa namna hiyo kwenye dawati.

Lakini hoja hiyo ikigeuzwa, inawakata wenyewe. Hapa mashariki walimu wamegoma mara ngapi chini ya wabunge wenye miaka 50 na 60, ambao baadhi yao waliwahi kuwa walimu? Mshahara ulifika kwa sababu ya mvi zao? Uzoefu unaosifiwa mara nyingi ni uzoefu wa kuketi. Mzee anayejua uchungu wa mshahara na asiseme kitu si bora kuliko kijana asiyeujua. Hasara ya kijana inaweza kurekebishwa na wapiga kura baada ya miaka miwili. Hasara ya mzee wa hapa inangoja miaka mitano, na ikifika mitano vita inaongeza mingine.

Saira alichaguliwa tena Novemba 2016. Kisha mwaka 2018, akiwa na miaka 22, hakugombea. Hakufukuzwa, hakushindwa, hakushtakiwa. Muhula uliisha, akatoka. Na nani alirudi kwenye kiti kile cha eneo 59? Larry Kump, mzee yuleyule aliyeshindwa kwa kura 144. Alikuwa amekaa nyumbani miaka minne, hakuunda kundi la vijana wenye panga, hakwenda porini, hakuanzisha chama kwa hasira. Aligombea tena, akashinda tena. Miaka miwili baadaye wanachama wa chama chake wakamtoa kwa mara ya pili, na safari hii si kwa ajili ya msichana wala jina kubwa.

Sehemu hii magazeti ya dunia hayakurudi kuiandika.

Nayo ina mkia. Baba yake, Craig Blair, aliendelea kupanda. Januari 2021 akawa rais wa seneti ya West Virginia, na katika jimbo hilo rais wa seneti ndiye anayemfuata gavana kiti kikibaki wazi. Mtu mwenye uzito, mwenye kutoa na kunyima. Mei 2024 alikwenda katika uchaguzi wa ndani ya chama, mlango uleule aliopita binti yake miaka kumi nyuma, na akashindwa na mtu wa chama chake, Tom Willis, wakili na askari wa jeshi la akiba. Rais wa seneti nzima, akaangushwa na majirani zake. Mlango uliomwingiza mtoto ndio uliomtoa baba.

Tusiipambe Marekani kupita kiasi. Watu wanaokwenda kupiga kura ya ndani ya chama ni wachache sana, na kura 1,600 katika eneo la watu 18,000 si jambo la kujivunia. Wachache hao mara nyingi ndio wenye msimamo mkali, hivyo mgombea anawaogopa wao kuliko anavyowaogopa wengine wote. Na pale ambapo chama kimoja kina nguvu mno, kura ya Novemba inakuwa mapambo. Leo hii West Virginia imekuwa nyekundu mpaka Democrat wanahesabiwa kwa vidole. Mhafidhina mwingine kijana, Caleb Hanna, naye alichaguliwa katika bunge hilo Novemba 2018 akiwa na miaka 19. Kwa kijana wa upande wa pili mlango huo ni mwembamba zaidi.

Familia za Kikongo zilizopelekwa Marekani kutoka kambi za Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda zinayajua mabunge haya kuliko zinavyoijua Washington. Shule ya mtoto, leseni ya gari, sehemu kubwa ya sheria za kazi: hayo yanaamuliwa na bunge la jimbo. Mtoto aliyefika huko akiwa na miaka sita na akapata uraia anaweza, kwa sheria, kugombea kiti kama cha Saira katika majimbo mengi kabla ndugu yake aliyebaki Uvira hajaruhusiwa kugombea chochote bungeni.

Kwa maana hapa Congo, Katiba inataka depite wa taifa awe na miaka 25, na depite wa jimbo anatakiwa umri huohuo. Seneta, 30. Kwa sheria hiyo Saira Blair angengoja mpaka 2021, wakati ambao kwake habari ya bunge ilikuwa imeshakwisha miaka mitatu nyuma. Wako wanaopigania umri huo upunguzwe. Wapiganie, lakini wajue umri si kufuli pekee. Kufuli nyingine ni kiwango cha kura. Katika uchaguzi wa mabunge ya majimbo, orodha ya chama isiyofikisha asilimia 3 katika jimbo zima haihesabiwi katika kugawa viti, hata kama mtu wake ameongoza kijijini kwake. Kijana aliyebisha hodi kwa majirani zake wote wa Walikale, wakampa kura zote, anaweza kubaki nje kwa sababu orodha yake haikupata kitu Beni. Kwa hiyo anakwenda kwa kiongozi wa chama kikubwa kuomba nafasi kwenye orodha, na huko hakuna wanachama 1,600 wanaopiga kura. Kuna ofisi moja, meza moja na, kwa kawaida, bahasha.

Tukizungumza bahasha: maseneta wa Congo wanachaguliwa na madepite wa majimbo. Machi 2019, baada ya madai mengi kwamba kura zilinunuliwa kwa dola, Rais Félix Tshisekedi alisimamisha kwanza kuapishwa kwa maseneta wapya. Marekani nayo ilikuwa hivyo zamani. Maseneta wa Washington walichaguliwa na mabunge ya majimbo, kama lile la Charleston, mpaka rushwa ikawa aibu ya taifa. Mwaka 1913 Katiba yao ikabadilishwa na kura hiyo ikapewa raia. Hiyo nayo ni sababu mbunge wa jimbo huko anaweza kuwa mwanafunzi mwenye mshahara mdogo: hana kura ya kumuuzia tajiri anayetafuta useneta. Hapa kura ya depite wa jimbo ina bei, na kiti chenye bei hakiachwi kwa mtoto wa mtu asiyejulikana.

Halafu kuna kufuli ambalo West Virginia haijui kabisa. Eneo la uchaguzi lina maana watu wanalala kwao. Desemba 2018, Beni na Butembo waliambiwa Ebola na usalama mbaya vimewazuia kupiga kura. Wakapangiwa Machi 2019, baada ya rais kuapishwa tayari. Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Maelfu ya watu wa wilaya hizo walikuwa wamelala juu ya mawe ya volkano kandokando ya Goma, Kanyaruchinya na Bulengo, kilomita chache kutoka vituo vilivyokuwa wazi mjini. Hakuna aliyekuwa mbali na kura. Kura ndiyo ilikuwa mbali nao. Mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuuchukua mji wa Goma, kambi hizo zilivunjwa, na watu wakaambiwa warudi walikotoka, wengine wakakuta nyumba ni majani. Tangu Mei 2021, utawala wa dharura wa kijeshi uliwekwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, magavana wakawa askari, na mabunge ya majimbo hayo yakasimamishwa. Kiti ambacho Saira alikipata kwa kura 872, hapa kimekuwepo kwenye karatasi, lakini jengo lenyewe limefungwa.

Kwa hiyo vijana wa hapa wanapoonyeshwa picha ya msichana mweupe mwenye tabasamu usiku wa ushindi, waulize mambo mengine kuliko umri wake. Nani anaandika orodha ya chama chao, na kwa nini wanachama wenyewe hawapigi kura kuichagua? CENI ina mpango gani wa mhami wa Masisi kumchagua depite wa Masisi akiwa Goma, Minova au Bukavu, maana kadi yake ya mpiga kura inamfuata hata kama shamba limebaki? Depite akiwa waziri, kwa nini kiti kisirudi kwa wapiga kura badala ya kwenda kwa mtoto wake?

Maswali haya yana watu wa kuyajibu, na watu hao wana ofisi, wana simu, na wakati wa kampeni huwa wanapita hata kambini na sabuni na chumvi. Wakipita tena, Larry Kump anaweza kutumika kama mfano kuliko Saira. Mzee wa miaka 66, mihula miwili, anaambiwa na watu 872 kwamba basi. Anarudi nyumbani. Miaka minne baadaye anabisha hodi tena kwenye milango ileile, na wanamfungulia.